Sheria Isemwe Mbele ya Dadu Kuanguka



Katika nambari iliyopita ya gazeti letu hili, ndugu mmoja wa mwaka unaotufuata aliandika kwamba dadu zote zitolewe katika interna. Alitoa sababu tatu: dadu ni chombo cha kamari, dadu inaleta ugomvi, na askari waliomsulubisha Bwana Yesu walipiga kura juu ya nguo yake. Wengi walimpigia makofi. Nimesikia tena kwamba Direkta wa Disiplini alisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Sisi wote tunajua jambo lililoingia mfuko wa Direkta linatokaka siku gani: Jumatatu asubuhi, kwenye bendera. Kwa hiyo nataka kusema neno langu mbele ya Jumatatu.

Mimi ni kapita wa interna. Ugomvi wa dadu unaletwa kwangu karibu kila juma, mara ingine usiku, nikiwa na maswali ya Exetat mkononi. Mtu asidhani kama ninatetea dadu kwa sababu sijui taabu yake. Lakini katika magomvi yote niliyoletewa, sijakuta hata moja lililoletwa na dadu yenyewe. Dadu inaanguka, inaonyesha tano, na watu wote wanaona tano. Hakuna anayesema ni tatu. Wanagombana juu ya kitu kingine: hiyo tano inamaanisha nini? Sheria yao ilikuwa na maneno yanayoweza kusikiwa namna mbili, hakuna aliyeuliza mbele, na sasa kila mmoja amekwisha kuona namna gani inamfaa. Hapo ndipo moto unawaka.

Juu ya pesa sitasema mengi. Sheria ya shule inakataza kucheza kwa pesa, na iendelee kukataza. Lakini tuseme kweli, katika interna yetu watu hawachezi bure. Wanacheza zamu ya maji. Mwenye kushindwa ludo anashuka mpaka chemchemi na bido la litre 20 kwa ajili ya mwenye kushinda, na kilima chetu mnakijua. Nikitazama orodha ya maji ya muhula huu naona karibu kila jioni ni wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili wanaopanda na bido kwa zamu ambayo haikuwa yao. Je, wadogo hawana bahati? Bahati haichagui umri. Wadogo wanashindwa kwa sababu dadu ikianguka vibaya, anayeeleza sheria ni mkubwa.

Na juu ya Biblia: ndugu yetu alisoma Yoane 19 na akafunga kitabu. Angefungua kurasa chache tu, angefika Matendo 1. Mitume walitaka mtu wa kushika nafasi ya Yuda. Petro alisema kwanza mtu huyo awe wa namna gani, yaani awe alifuatana nao tangu ubatizo wa Yoane mpaka siku Bwana alipopaa. Wakasimamisha wawili, Yosefu aliyeitwa Barsaba na Matiya. Wakaomba. Nyuma ya hayo yote ndipo walipiga kura, ikamwangukia Matiya. Hatusomi popote kwamba Barsaba alisimama na kusema kura iligusa ukuta, irudiwe. Angesema nini? Kila kitu kilisemwa mbele yake, naye alikuwa anasikia.

Sasa tuingie katika mambo yenyewe. Nianze na ludo kwa sababu kila mtu anaijua.

Ludo ni mtoto wa mchezo wa zamani wa Uhindi unaoitwa pachisi, ambao watu waliucheza kwa kutupa kauri. Waingereza waliuchukua, wakaweka dadu pahali pa kauri, wakauandikisha kwa jina la Ludo. Wafaransa nao wana ndugu yake, ule wanaouita farasi wadogo. Mchezo uliopita katika mikono mingi namna hii hauwezi kufika kwetu na sheria moja. Mmoja ametoka Bukavu, mwingine Kisangani, mwingine Kindu, wanakaa kwenye ubao mmoja wenye kioo na picha za wachezaji wa mupira, na kila mmoja amekuja na sheria ya kwao kichwani, akidhani kama ni sheria ya dunia nzima.

Kwamba kete inatoka kwa sita, wote wanakubali. Lakini ukipata sita mara tatu mfululizo? Kwa wengine, ile ya tatu inakufa na zamu inapita. Kwa wengine sita zote tatu zinakufa, na kete uliyoisogeza inarudi pale ilipokuwa. Kwa wengine unaendelea tu mpaka mkono uchoke. Kuingia nyumbani: lazima upate hesabu kamili, ao inayozidi inatosha? Dadu ikiegemea ubao wa pembeni, imesimama juu ya ukingo, inasoma nini? Nimeona watu wanaoweka dadu ya pili juu yake: ikikaa, namba inahesabiwa, ikiteleza, wanarudia. Ni akili nzuri, ila inahitaji dadu mbili.

Lakini inayoleta kelele kupita zote ni dadu iliyoanguka chini ya meza. Ikionyesha sita, mwenye kutupa anapiga magoti na mwangaza wa simu, anaita mashahidi: "Mukuje muone! Iko sita!" Ikionyesha moja, mtu yule yule, jioni ile ile, anasema: "Ilianguka chini, ile haihesabiwake, narudisha." Na akiulizwa anajibu bila haya: "Siye kwetu tunachezaka ivyo." Kwao wanacheza vipi, basi? Namna mbili kwa jioni moja?

Huyo mtu si lazima awe mwongo. Labda anaamini kweli. Macho yakiisha kuona namba, akili inakwenda kutafuta sheria inayoifaa, na inaipata upesi sana. Sisi sote tuko hivyo.

Mchezo wa pili nitaueleza zaidi kidogo, kwa sababu wengi wanauogopa bila kuujua. Ni ule wa hadithi, unaochezwa Jumamosi jioni nyuma ya chumba cha kulia. Kijana mmoja mgeni, aliyekuja na wazazi wake kutembelea misioni, alituachia kitabu cha sheria zake kwa Kifaransa. Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani katika mwaka 1974, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Ubao si lazima. Mtu mmoja ni msimamizi, yeye anaeleza njia, mvua, wanyama, watu mnaokutana nao. Wengine kila mmoja ni mtu ndani ya hadithi: mwindaji, mganga, mpiga ngoma. Mchezaji anasema anataka kufanya nini. Jambo likiwa wazi, linafanyika. Likiwa na mashaka, kama kuruka mto ao kumdanganya askari wa barrière, anatupa dadu ya pande 20, anaongeza hesabu ya ufundi wake, na msimamizi anaangalia kama amefikia namba iliyotakiwa.

Katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliupiga vita mchezo huu juu ya mashetani na uchawi ulio katika kitabu. Wenzetu waliyatoa hayo. Hadithi yao ni ya wafanyabiashara wanaopeleka chumvi, wakati mwingine kwa mashua toka Bukavu kupitia Idjwi mpaka Goma, wakati mwingine kwa miguu. Mchungaji wa shule alikaa nao jioni moja, akacheka, akaenda kulala. Hilo nadhani linatosha.

Dadu ya pande 20 hawana. Walikata vikaratasi 20, wakaandika 1 mpaka 20, wakaviweka katika mkebe wa Nido, na mchezaji anaingiza mkono bila kutazama. Kwa mapigo wanaazima dadu ya ludo. Kazi nzuri, ila hata mkebe umeleta neno lake. Kuna pahali kitabu kinasema utupe mara mbili na uchukue kubwa. Sasa kikaratasi cha kwanza kinarudi mkebeni mbele ya kutoa cha pili, ao kinabaki nje? Dadu inaweza kukupa namba moja mara mbili, vikaratasi vilivyobaki nje haviwezi. Wenzetu wa hesabu walipiga: ukirudisha, nafasi ya kupata 20 ni 39 katika 400, usiporudisha ni 40 katika 400. Tofauti ndogo kama punje ya mtama, na waligombana juu yake mpaka kengele ya kulala.

Lakini neno lililovunja urafiki lilikuwa lingine, na hilo nataka kulieleza polepole.

Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa anacheza mwindaji. Msafara ulikuwa unapita pembeni ya msitu wa Kahuzi, chui akawatokea njiani. Chui alikuwa amebaki na nguvu 11. Mdogo akaingiza mkono mkebeni, akatoa 20. Kelele ikawa kubwa mpaka surveya akagonga dirisha. Sheria waliyokuwa wanaitumia ilisema hivi tu: ukipata 20, pigo ni mara mbili. Akatupa dadu ya pigo, ikaonyesha 6. Akasema: "Sita mara mbili, kumi na mbili. Chui amekufa." Msimamizi akasema: "Apana. Mara mbili maana yake unatupa tena." Mdogo akatupa bila kupenda, ikaonyesha 1. Sita na moja ni saba. Chui akabaki na 4, akaruka, na mwindaji ndiye aliyekufa.

Mdogo alimwaga mkebe chini akatoka. Mpaka leo hajarudi kwenye meza ile, na msimamizi na yeye wanalala vitanda viwili vinavyofuatana bila kusalimiana.

Nani alikuwa na haki? Wenye kitabu walikimbilia kitabu, na kitabu kiko upande wa msimamizi: kinasema unatupa dadu za pigo mara mbili na kuzijumlisha. Lakini Jumamosi mbili zilizotangulia, kwa kuwa dadu ilikuwa moja na watu walikuwa na haraka, msimamizi yule yule alichukua namba iliyoanguka na kuizidisha kwa mbili. Hakuna aliyekataa. Mdogo alijifunza mchezo kwa namna hiyo, kitabu hakukisoma. Kwangu mimi, jioni ile chui alikuwa amekufa. Kitabu kingeanza kufuatwa Jumamosi iliyofuata, kikiisha kusomwa kwa sauti mbele ya wote.

Wengine waliniambia: "Kapita, ni kitu kimoja. Dadu mbili ao dadu moja mara mbili, kati na kati ni saba." Ni kweli, ukitupa siku nyingi, zote mbili zinakupa 7 kwa kadiri. Lakini si kitu kimoja. Chukua karatasi uhesabu. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Kufikisha 11 ao 12, kuna namna tatu tu: tano na sita, sita na tano, sita na sita. Ukizidisha dadu moja, unahitaji sita peke yake, na sita ni moja katika sita, maana yake 6 katika 36. Kwa mtu anayemtaka chui wa 11, kuzidisha ni bora mara mbili. Sasa geuza. Tuseme adui amebaki na nguvu 4 tu. Ukizidisha, unashindwa ukipata moja, yaani mara 6 katika 36. Ukitupa mbili, unashindwa mara 3 tu katika 36. Hapo kutupa mbili ni bora.

Mnaona? Hakuna tafsiri iliyo nzuri kwa mtu mmoja siku zote. Leo inakusaidia, kesho inakuponza. Kwa hiyo ukiwauliza watu mbele ya kutupa, watabishana kidogo, kwa upole, kwa sababu hakuna anayejua nani atafaidika. Ukiwauliza nyuma, kila mmoja anajua kabisa, na hakuna tena tafsiri, kuna watu wanaovutana nguo. Hata msimamizi, ambaye labda hakuwa na chuki, alikuwa amekwisha kuona 6 juu ya meza wakati aliposema "tupa tena". Angesema hivyo kama dadu ingeonyesha 1? Mimi sijui, na mdogo vilevile hajui, na hilo ndilo linamwuma.

Wamarekani wenyewe hawakukimbia taabu hii. Katika miaka ya kwanza ya mchezo wao, dadu za pande 20 zilikuwa zimeandikwa 0 mpaka 9 mara mbili, si 1 mpaka 20. Wachezaji walipaka rangi nusu ya pande: namba yenye rangi inaongezwa 10, isiyo na rangi inabaki. Fikiri mtu aliyetupa akapata 7 nyekundu na hakuna aliyesema nyekundu ni ya juu ao ya chini! Ni 7 ao ni 17? Na mpaka leo wako na neno la 20. Kitabu chao cha mwaka 2014 kinasema 20 inafaulu yenyewe wakati wa kupiga adui, lakini hakisemi hivyo kwa kuruka mto ao kufungua mlango. Wachezaji wengi wakaipeleka kila pahali. Katika mwaka 2022 kampuni yao ilijaribu sheria kwamba 20 ifaulu pahali pote, kisha ikaiacha, na kitabu kipya cha 2024 kilibaki na ya zamani. Yaani hata wao walikuwa na mashaka. Lakini waliitoa kwenye karatasi, wakaacha watu waijaribu, wakaamua mbele ya kuchapa kitabu.

Sasa nani aamue? Gygax, katika kitabu kikubwa cha wasimamizi cha mwaka 1979, aliweka neno la msimamizi juu ya kitabu chenyewe. Nakubali nusu. Msimamizi hashindani na mtu, chui si ndugu yake, akiwa mtu mwema anaweza kuona sawa. Lakini hata yeye aseme mbele. Na kwenye ludo hakuna msimamizi. Pale anayeamua ni mwenye miaka mingi ao mwenye sauti, na yeye mwenyewe ana kete nne juu ya ubao.

Kuna wanaosema tupige kura. Katika ludo ya watu wanne? Watatu siku zote wanapenda yule wa nne ashindwe. Kura itakuwa tatu kwa moja mpaka mwisho wa dunia.

Kuna wanaosema: palipo na mashaka, dadu irudiwe. Hii inaonekana ya upole, na mimi zamani niliipenda. Lakini mwenye kupata sita akiambiwa arudie, mara tano katika sita hataipata tena. Kurudia ni kuamua juu yake, ila kumevaa nguo ya Jumapili.

Na kuna wanaosema tuandike sheria zote, neno lisibaki. Haiwezekani. Kesho dadu itaanguka ndani ya kikombe cha chai. Siku ya interro tunasoma maswali na kuinua mkono mwanzoni, lakini hata hivyo linabaki neno moja ambalo hakuna aliyeliona, na prof anapaswa kuamua wakati anakusanya karatasi. Kwa hiyo tunahitaji pia njia ya kufuata pale sheria iliponyamaza.

Mimi napendekeza hivi, na yule aliye na bora alete. Ugomvi ukija, swali la kwanza ni: mlisema nini mbele ya kuanza? Kama mlisema, imekwisha. Kama hamkusema, mara ya mwisho kwenye meza hii mlifanya namna gani? Hiyo ndiyo sheria yenu ya jioni hii, hata kama kitabu kinasema ingine. Na kama jambo halijatokea hata siku moja, basi kwa mara hii moja tafsiri imsaidie aliyetupa, mchezo uendelee, na usiku ule ule neno liandikwe katika daftari pamoja na sheria itakayofuatwa kuanzia mchezo unaofuata. Sheria haibadiliki katikati ya mchezo. Hata kwenye mupira, sheria mpya zinaanza tarehe 1 Julai, si dakika ya 80.

Najua watakaosema: huyo aliyetupa umempa zawadi. Ndiyo, zawadi moja, mara moja, na wenzake walikuwa na mdomo wa kuuliza mbele. Lakini naongeza neno moja, na wakubwa wenzangu wanisamehe. Kama aliyetupa ndiye aliyewafundisha wengine mchezo, basi tafsiri imwendee kinyume. Yeye ndiye alijua sheria, yeye ndiye alikuwa na nafasi ya kuisema wazi, na mdogo hakuwa nayo. Nimeona finalisti wawili wakikunja uso nilipowasomea mstari huu. Wakunje tu. Maji ya kuoga kwao yanapandishwa na nani?

Na zamu ya maji yenyewe: wakati daftari linaanza, naomba isichezwe kwenye ludo mpaka mwisho wa mwezi. Tuone kama watu bado wanapenda ludo ikiwa haina bido ndani yake. Nadhani wataipenda, ila kelele ya dadu iliyoanguka chini ya meza itapungua.

Kwa Direkta wa Disiplini, kama anasoma hii: ukichukua dadu, watachezea mawe, vifuniko vya chupa, vikaratasi. Ugomvi utabaki, kwa sababu vifuniko vya chupa pia vina pande mbili na hakuna atakayesema mbele upande gani ni wa kushinda. Utuachie dadu muhula mmoja pamoja na daftari, na likizo ikifika ulisome mwenyewe.

Daftari nimelinunua. Liko kwangu, chumba cha pili, kitanda cha karibu na mlango. Ukurasa wa kwanza nimeandika "Dadu iliyoanguka chini" na chini yake nimeacha nafasi, kwa sababu siwezi kuamua peke yangu kwa ajili ya watu wote. Tutaisoma na kukata neno Jumamosi nyuma ya salongo, wadogo wakisema kwanza. Mwenye sheria ya kwao aje kuiandika mbele ya siku hiyo, na jina la mji wake. Kalamu alete yake.

Kapita wa interna,
mwaka wa mwisho